Sifuri ya Kisiwa Panza

Jabir wa maabara alikuwa hapendi kusifiwa, na wenzake wakamwona mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ilikuwa hofu tu, tangu zile damu alizopima Kisiwa Panza.

Asubuhi moja Daktari Nusaiba, mgeni hospitalini, aliingia maabara na ripoti ya zamani mkononi. Alikuwa akifuatilia seliaki, ugonjwa wa watu ambao utumbo wao haupatani na ngano: wakila mkate, utumbo unaharibika, na chakula hakiwajengi.

"Hebu nambie, Jabir. Ulaya, Uarabuni, Afrika ya kaskazini, mara nyingi wanapata kama mmoja katika kila watu mia. Wasahrawi wa kule jangwani wanafika hata watano. Sisi hapa tumechanganya damu za kila pembe, na boflo, mkate wa ngano, tunakula kila asubuhi. Wewe ukapima arubaini Panza, hukupata hata mmoja?"

"Labda arubaini ni wachache, daktari."

"Wachache, lakini ndio hao tu tulionao. Wenzangu wote wanaitegemea sifuri yako. Mtoto akija na tumbo limevimba, anapewa dawa ya minyoo anarudishwa kwao. Kesho twende nikaone wanakula nini."

Jabir alitaka kusema pale pale. Akasema, "Inshallah."

Miaka sita nyuma alifika Panza watu wamo katika sita za Shawwal, funga ya siku sita baada ya Ramadhani. Wakamwambia kwa adabu kwamba hawatoi damu mchana wasije wakaharibu funga, asubiri baada ya magharibi. Mtu mwenye haya angelala kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Jabir alikuwa na mechi ya kuangalia jioni ile mjini, Tibirinzi. Akawapata wanawake watano ambao hawakufunga, akawatoa damu vichupa vinane vinane, akabandika majina ya watu arubaini. Kwa ajili ya mechi! Hata nani aliyeshinda amesahau.

Mmoja wa wale watano alikuwa Bi Mwanawema, naye alimleta bintiye Nahla, wa miaka minne, tumbo mbele na miguu myembamba. Mtoto aliiona sindano akapiga kelele. Jabir akatazama saa. "Usimlize bure, bibi," alisema. "Damu ya mama na mwana ni moja." Akaijaza chupa ya mtoto kwa damu ya mama.

Siku ya pili, walipofika Panza na daktari, Bi Mwanawema aliwapokea mlangoni kwa furaha iliyomchoma Jabir kuliko matusi. "Karibu dokta wangu! Wewe ndo ulonshusha roho." Aliingia ndani akatoka na karatasi ya majibu, ameitia ndani ya plastiki isichakae. Iliandikwa: Nahla, hana ugonjwa. Nyuma yake alitoka Nahla mwenyewe, miaka kumi, mwili wa mtoto wa miaka sita.

Daktari Nusaiba alimtazama mtoto, akaitazama karatasi. "Anakula nini, bi mkubwa?"

"Tulipokuwa twangoja majibu yenu, mama yangu alinambia nkate ndo unaomdhuru. Nkaacha, nkawa nampa muhogo na ndizi, akaanza kunenepa. Ilipokuja karatasi yenu hana kitu, nkaona ya nini kumnyima mwanangu? Baba yake humletea boflo toka Mkoani. Sie wengine twala muhogo, yeye boflo lake."

Jabir alifahamu pale pale. Kumbe hawakuhitaji hospitali. Bibi yake Nahla alishaiona dawa kwa macho yake, na yeye akaja na kikaratasi akaifuta.

Chai ililetwa. Bi Mwanawema alikata boflo, kipande cha mgeni, kipande cha Nahla. Mtoto alikishika bila hamu. Jabir alinyoosha mkono akamnyang'anya.

"Asile," alisema. "Damu ile haikuwa yake, bibi. Ilikuwa yako. Nlikwambia ni moja. Nlikudanganya, nlikuwa na haraka. Na ya wale wengine sikuitoa. Watu arubaini, damu za watu watano."

Daktari Nusaiba alilivuta sanduku la vifaa kutoka miguuni pa Jabir, akavaa glavu. "Damu yake nitaitoa mwenyewe," alisema. "Majibu yakija ndipo tutajua kwa hakika." Akaitoa, na safari hii Nahla hakulia.

Jabir alikaa akingoja kutukanwa. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kofi, kwa kupelekwa kwa sheha. Aliona ni haki yake, na alivitamani.

Lakini Bi Mwanawema alikuwa hamtazami yeye.

"Alikuwa akikataa," alisema polepole. "Ati tumbo lamuuma. Mie nkimwonesha karatasi. Nkimwambia, umepimwa weye, huna kitu, wadeka. Nkimfinya ale."

Nahla alikuwa ameibana pamba kwenye mkono. "Si nlikwambia, mama," alisema.

"Ulinambia." Bi Mwanawema alipiga magoti mbele ya bintiye. "Nsamehe, mwanangu. Nsamehe mie."

Kipande cha boflo kilikuwa bado mkononi mwa Jabir, na hakujua akiweke wapi.