Aliyelisha Ubongo Krismasi

Mimi ndiye niliyegundua akili ya binadamu ilitoka wapi. Haya, niliosha vyombo vya waliokuwa wakiitafuta. Hapa Dresden nimeosha vyombo vya kioo vya maabara miaka thelathini na moja, na sijavunja hata kimoja, ukiacha vile nilivyovunja.

Wiebke, binti anayesomea shahada yake ya uzamivu kwetu, alikuwa akikuza vipande vya ubongo, kila kimoja kama punje ya dengu. Nusu vilikuwa na jeni yetu, nusu na ile ya Waneandertali, binamu zetu waliokwisha zamani. Tofauti ni herufi moja. Alinieleza kwamba hapo kale mwili wa mtu fulani ulikosea kunakili, na huenda kosa hilo ndilo lililotuongezea seli za ubongo. Mimi shuleni nilichapwa rula kwa kosa kama hilo. Kumbe nilistahili shukrani.

Daktari Gernot Ahlbeck, jirani yake wa meza, alimcheka kila siku. Herufi moja haileti akili, alisema, na ushahidi ni Wiebke mwenyewe.

Vipande vile hubadilishiwa maji ya chakula kila baada ya siku moja, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Wiebke alijipa zamu ya Krismasi, na mkesha wake akakimbizwa hospitali kupasuliwa kidole tumbo. Aliandika kwenye kikundi chetu cha simu akiomba msaada. Hakuna aliyejibu. Miaka mitatu ya kazi ikabaki bila mlishaji ndani ya kabati la joto tunamotunzia vipande.

Tarehe ishirini na nane alikuja ameshika tumbo, akafungua kabati huku analia. Maji yaliyochakaa huwa ya manjano. Haya yalikuwa ya waridi, mapya kabisa, na vipande vyote hai. Akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari wa upasuaji, akalishukuru na kabati.

Kesho yake alileta keki, akasema kipande cha kwanza ni cha aliyemwokoa. Wote wakanitazama mimi. Ningekipokea kwa moyo mmoja, ila kulisha vipande hutaka mkono mtulivu, na kila mtu anajua mikono yangu inavyotetemeka.

“Msinitazame mimi pia,” Ahlbeck akasema. “Wiki nzima nilikuwa milimani Oberwiesenthal, nateleza kwenye theluji.”

“Ilikuwaje theluji, Daktari?” nikauliza.

“Hadi magotini, Bibi Roswitha.”

“Ajabu. Mwanangu ndiye anayeendesha lifti za huko za kupandisha watelezaji mlimani. Tangu mkesha zimesimama, mvua tupu.”

Ahlbeck akawa mwekundu mpaka masikioni. Wiebke alikuwa ameshamsogezea sahani yenye kile kipande cha kwanza.