Meno Mapya ya Malachy Considine

Daktari wa meno kule Ennis, Ireland, aling'oa meno sita ya mbele ya Malachy Considine asubuhi moja, na mtu asiyepiga filimbi atauliza, kwani si aliwekewa mengine? Aliwekewa. Meupe, yamepangika, mazuri kuliko aliyopewa na Mungu. Lakini filimbi ya mbao haipigwi kwa vidole peke yake. Inapigwa kwa mdomo, na mdomo unaegemea meno. Siku Malachy alipoijaribu baada ya kupona, ilitoka pumzi tupu, kama mtu anayepoza chai.

Miezi mitatu alijifungia kwenye banda la trekta, kila jioni baada ya kukamua, akiitafuta sauti yake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo alikuwa amepiga filimbi katika bendi ya Kilbarran, kijijini kwao, bendi aliyoianzisha na Jarlath Hehir wakati hawana hata ukumbi wa kupigia. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto walihamia Boston, na ng'ombe ni ng'ombe tu. Bendi ndiyo iliyokuwa watu wake.

Sauti ikarudi kidogo. Kidogo tu, na mwenyewe alijua, ndiyo maana hakutaka kurudi jukwaani kimyakimya. Alikwenda hadi jikoni kwa Jarlath, mpiga akodioni na kiongozi wa bendi, akampigia wimbo mmoja, kisha akailaza filimbi mezani.

"Sasa niambie. Kama imekufa, sema imekufa. Nitakaa kwangu, na wala sitakununia."

"Imekufa wapi, wewe?" Jarlath alikuwa akikata mkate, hakuinua macho. "Huyo ni Malachy yuleyule."

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, Jarlath."

"Haki ya Mungu tena! Jumapili saa tisa, na usisahau tai. Mara ya mwisho ulikuja kama mtu aliyetoka kufukua viazi."

Wakapeana mikono. Malachy akarudi kwenye kiti chake, mstari wa mbele, ubavuni mwa Dympna Moloney wa fidla, na kwa miezi minane hakukosa dansi hata moja. Watu walicheza, hakuna aliyelalamika. Taratibu akaanza kuamini kwamba sauti imerudi kweli. Aliacha hata kufanya mazoezi bandani.

Alhamisi moja alikwenda kuazima ngazi kwa Concepta Tubridy, mama mmoja ambaye hakosi dansi na ambaye hatua hazikai kichwani mwake, kwa hiyo hurekodi muziki wote kwa simu akajifundishe nyumbani. Alimkuta jikoni anazunguka na ufagio.

"Ingia, Malachy, ingia! Nimekosa mwanamume."

"Kwani ufagio umekutaliki?"

"Ufagio angalau haunikanyagi. Kaa hapo, usinipotezee hesabu."

Malachy akakaa, akasikiliza muziki uliokuwa ukitoka kwenye simu. Ilikuwa rili, wimbo wa dansi wa kasi, waliyoipiga Jumapili iliyopita. Kwenye rili ile kuna mahali ambapo yeye huupandisha wimbo juu, peke yake, wakati wenzake wamebaki chini. Jimbo zima la Clare wanajua kwamba hapo ni pa Malachy. Alipangoja. Pakafika, pakapita. Wimbo ukarudiwa, pakapita tena. Akodioni ilisikika, fidla ilisikika, piano ilisikika, hata kiatu cha Jarlath kikigonga mbao za jukwaa kilisikika.

"Concepta, una nyingine?"

"Za tangu Pasaka ninazo."

Wakasikiliza tatu. Concepta hakugundua kitu, alikuwa anahesabu hatua. Malachy alijiambia kwamba simu ni simu, haishiki kila kitu. Akaaga, akaondoka, akafika kwake bila ngazi.

Jumapili ukumbi ulifurika. Walikuja watu hadi wa Gort, seti kumi na mbili zikajipanga sakafuni, jozi nne kila seti, na bendi ikaanza kwa kasi. Kwenye mzunguko wa tatu Malachy alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: aliacha kupiga. Akaiweka filimbi mapajani. Visigino viliendelea kutwanga sakafu, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Basi akairudisha mdomoni, mbele ya maiki yake, na katikati ya rili ile ya haraka akapiga ombolezo, lile linalopigwa nyuma ya jeneza. Alilipiga kwa nguvu zake zote, pumzi kwa pumzi, akizikodolea macho spika za ukumbi. Kwenye spika halikuwemo.

"Haya, haya!" Jarlath akawapigia wachezaji kelele, kama kawaida yake.

Lakini Dympna alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwa Malachy, na sikio lililo karibu hivyo halihitaji spika. Mtu asiyejua lolote angeruka. Angemchoma na upinde wa fidla amuulize kama amerogwa. Dympna hakushtuka. Shingo ilimwiva nyekundu, akafumba macho, akaendelea kupiga rili. Hapo Malachy akajua.

Dympna ndiye aliyepiga fidla harusini kwake. Ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi ya mkewe. Wakati wa chai, watu walipogombania meza ya keki za tufaha, Malachy alimfuata hadi kwenye chumba cha makoti na kufunga mlango.

"Tangu lini?"

"Malachy, kanywe chai kwanza."

"Chai gani? Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu uliporudi." Dympna aliinama. "Tulipiga kura, sisi wote. Jarlath alikuonea haya siku ile jikoni, baadaye akataka aje akuambie ukweli. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema, mwacheni na kiti chake, maiki yake izimwe tu, nani atajua? Ulikuwa umebakiwa na nini kingine, wewe?"

"Miezi minane unakaa ubavuni kwangu unanisikia napuliza hewa."

"Nilikuhurumia, ndugu yangu."

"Hurumia ng'ombe! Mimi niliomba kuambiwa. Niliomba kwa mdomo wangu huu." Alijigonga mdomo kwa kidole. "Kila Jumapili nasimama na nyinyi kupokea makofi. Nainama, najifuta jasho. Mlikuwa mnanitazamaje?"

Dympna alilia. Malachy hakumbembeleza. Uchungu uliompanda haukuwa wa filimbi tena, ulikuwa wa kila "umepiga vizuri leo" aliyoambiwa tangu Pasaka, na kila moja aliijibu "asante."

Alirudi jukwaani watu wakiwa bado na vikombe mikononi. Mashine ya sauti ilikuwa kando ya kiti cha Jarlath, kila kitufe cha kupandisha sauti na jina la mwenye maiki limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Vitufe vya wenzake viling'aa kwa kushikwashikwa. Kilichoandikwa Malachy kilikuwa chini kabisa, kimeingia vumbi. Akakisukuma hadi juu.

"Malachy," Jarlath alimwita kutoka mlangoni, sahani mkononi. "Malachy, bwana, ngoja tuongee."

Hakungoja. Akakaa kitini, akaipiga ile rili peke yake.

Akajisikia kwenye spika nne. Upepo, upepo tena, sauti ikikatika katikati, na pale pake pa kupanda juu ilitoka mluzi wa birika. Kwa hilo bendi haikukosea: filimbi ilikuwa imekufa. Aliipiga hata hivyo hadi mwisho, marudio yote, kwa sababu ukweli huo ulikuwa wake na alikuwa amecheleweshewa.

Alipomaliza, aliishusha filimbi. Kisha yakaja makofi. Watu walisimama, wakapiga miluzi, wakagonga vikombe mezani. Concepta alipunga kitambaa. Tangu aanze kupiga muziki hajawahi kupata makofi kama yale, na aliyatambua: ndiyo wanayopigiwa watoto wa darasa la kwanza kwenye sherehe za Krismasi.

Malachy akaisogelea maiki.

"Ilikuwa mbaya," alisema. "Nyote mmesikia. Hebu mmoja wenu aseme."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Malachy na utani wake! Wakazidisha makofi.

Akamtafuta Dympna. Alikuwa amesimama chini ya jukwaa, macho bado yamevimba. Malachy alimtazama yeye peke yake, akamngoja. Dympna alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaibana fidla kwapani, na yeye pia akapiga makofi.