Kashabia ya Mongi

Siku ya nne Zitoun alipokataa hata mkate uliochovywa kwenye mafuta ya zeituni, Mannoubia alimwita shemeji yake.

Hedi akaja na bunduki begani. Alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama Zitoun, mbwa aliyelala karibu na moto, nyonga imevimba kama boga. Kansa ya mfupa, daktari wa mifugo alikuwa amesema. Dawa za maumivu zilisaidia wiki mbili, kisha zikashindwa.

"Umeamua?" Hedi akauliza.

"Kwamba afe, nimeamua. Namna ndiyo inanishinda."

"Namna iko hapa begani, shemeji. Risasi moja nyuma ya sikio, hata mlio hausikii. Yule daktari wako akishuka tu garini, mbwa anaanza kutetemeka."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka sita nyuma nguruwe mwitu alimpasua Zitoun tumbo huko msituni, na Daktari Nejla akamshona akiwa macho, maana hapakuwa na nafasi ya kungoja. Tangu hapo, harufu ya yule mwanamke ikifika uani, mbwa aliyekuwa akiwakabili nguruwe ana kwa ana hujikojolea chini ya meza. Mannoubia hakutaka afe hivyo, akiogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Basi mtoe nje," alisema. "Usimcheleweshe."

Hedi akaishusha bunduki. Chuma kikagonga ukuta kidogo, na Zitoun akafungua macho. Pua ikachezacheza, alikuwa ameipata harufu ya mafuta ya bunduki. Halafu akainuka, yeye ambaye tangu juzi alikuwa akibebwa kwenda kukojoa. Akajikokota kwa miguu mitatu, mkia ukigonga mguu wa meza. Akampita Mannoubia, akampita Hedi, akasimama kizingitini akitazama njia inayoshuka kutoka kwenye msitu wa mialoni. Alikuwa akimngoja Mongi, mume wa Mannoubia na mwenzake wa mawindo, aliyezikwa tangu baridi iliyopita.

Hedi akatoa risasi, akaitia mfukoni.

"Siwezi, shemeji. Nisamehe."

"Hata hakutazami wewe."

"Ndiyo maana siwezi."

Wakamrudisha kwa blanketi, naye akalia njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua sita. Hedi akampigia simu daktari. Mannoubia akaingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa ndani ya mfuko mwingine.

Hedi alipoiona kashabia, lile joho zito la sufu ya kahawia lenye kofia, alikunja uso.

"Si nguo zote za kaka tulizitoa sadaka siku ya arobaini?"

"Nilidanganya."

"Hata mama ulimdanganya?"

"Mama ndiye niliyeanza naye."

Hedi akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Mengine Mannoubia hakumwambia: kwamba kila Ijumaa huufungua mfuko ule kidogo tu, akaingiza pua, akaufunga haraka. Moshi wa kuni, tumbaku, baruti, shingo ya Mongi. Alikuwa akiibania harufu ile kama watu wanavyobania maji wakati wa ukame.

Daktari alipofika, Mannoubia alimzuia langoni.

"Vaa hii kabla hujaingia, mwanangu. Na kofia pia."

Nejla akaitazama, akaelewa. "Mama, mimi nanuka dawa mpaka kwenye kucha. Itashika."

"Najua."

"Na haitatoka."

"Vaa."

Ikamzidi urefu, ikaburuzika chini. "Kaka amefupika huko alikokwenda," Hedi akanong'ona, na hakuna aliyemkemea.

Nejla akaingia bila kusema neno, mbwa asije akaitambua sauti yake. Zitoun akainua pua. Hakutetemeka. Nejla alipopiga magoti, mbwa akachomeka mdomo wake wote ndani ya mkono wa kashabia, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta tena. Mannoubia alikishika kichwa chake. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Mkia ukapiga sakafu mara mbili, ukataka mara ya tatu. Ya pili hakuisikia.

Hedi alimchimbia kaburi upande wa juu wa shamba, penye mawe, akiapa na kulaani mawe ili asilie. Daktari aliikunja kashabia vizuri, akaiweka kitini, akaenda zake.

Mannoubia akanusa kola. Dawa. Akanusa mkono: mate ya mbwa, na dawa. Akaingiza uso mzima ndani ya kofia, akakuta sabuni ya nywele za Nejla. Akakaa humo kitambo.

Hedi aliporudi na mikono ya udongo, alimkuta ameshaitundika mlangoni.

"Mpelekee yule mchunga mbuzi wa huko juu. Baridi inakaribia."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni sadaka ya Mongi," alisema. "Imechelewa tu."