Kastori Alivyoachishwa Ziwa

Mjukuu wangu Kastori alikuwa na miezi tisa mama yake aliposhika mimba nyingine. Mimi ndiye niliyeamuru aachishwe ziwa. Kwetu maziwa ya mwenye mimba ni sumu, na mtoto akidhoofu watu hawaulizi amekula nini. Wanasema wazazi wamembemenda: hawakuvumilia kitandani, au baba katoka nje ya ndoa. Laurian ni mwanangu wa pekee, tena mzee wa kanisa. Nisingekubali jina lake liburuzwe kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi.

"Mama, bado mdogo," alisema Edina, mkwe wangu. "Nimnyonyeshe hata mwezi mmoja tu."

"Unataka kumuua? Mpe uji. Hata huyo mumeo kakulia uji."

Ulikuwa msimu wa kupalilia viazi. Tulitoka alfajiri tukarudi jua limezama, Kastori akashinda na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mweupe wa sembe. Usidhani tulikuwa na shida. Mahindi yalijaa ghalani, kuku walitaga, ng'ombe alikamuliwa asubuhi na jioni. Maziwa yalikwenda kwa mnunuzi, mayai yakaenda gulioni. Kumpa mtoto yai niliona ni kumdekeza.

Mwezi wa tatu tangu aachishwe akavimba mashavu na miguu, tukafurahi. Jirani yangu Mama Oresta akamfinya mguu akicheka.

"Mwenzangu, huyu baunsa wenu atatubeba sote."

Kidole chake kiliacha shimo. Hatukujali. Kisha nywele zikawa nyekundu, ngozi ikaanza kubanduka, na mtoto akaacha hata kulia. Nilijua watu watasema nini. Siku ya kupima watoto kijijini, Edina akamfunga mgongoni. Nikasimama mlangoni.

"Ukiingia naye pale, kila mwanamke atajua mlichofanya na mumeo. Kaa chini."

Akakaa. Mpaka leo kuna siku namlaumu kwa kunitii, halafu najiona mpumbavu.

Baada ya wiki mbili Kastori alishindwa kumeza. Ndipo Laurian akatupakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Nesi alimbonyeza mguu, akatutazama mmoja mmoja.

"Anakula nini?"

"Uji," nikasema.

"Uji na nini?"

"Uji."

"Ng'ombe mnao?"

"Tunaye mmoja," Laurian akajibu, macho kwenye viatu vyake. "Maziwa tunauza."

Nikamsogelea nesi, nikanong'ona, "Kwani si amebemendwa, mwanangu?"

"Hajabemendwa, bibi. Ana njaa. Mngemleta mapema."

Alisema mbele ya Edina, wala hakupunguza sauti. Kastori alifariki kesho yake asubuhi.

Msibani wanawake walikaa jikoni wakilitazama tumbo la Edina. Walimpa pole kwa ncha za vidole. Mama Oresta akaniinamia, lakini alihakikisha anasikika.

"Pole, mwenzangu. Wasichana wa siku hizi hawavumilii. Wamembemenda mtoto wa watu."

Edina aliinua uso akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme alichosema nesi. Ni maneno mawili tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Wanawake wote waligeuka kunisikiliza. Nje nilisikia sauti ya Laurian akiwapokea wazee wenzake wa kanisa.

"Ndiyo, mwenzangu," nikasema. "Huyu binti hana subira."