Jua la Jumamosi

Manasseh Ombui alikuwa na kazi ambayo jirani zake wa Nyansiongo hawakuiamini: serikali ilimlipa kutazama mawingu. Kila siku saa mbili asubuhi alisimama kando ya kipimo cha mvua kwenye shamba la mzungu, akainua uso, kisha akaandika daftarini alichokiona. Kazi ilikuja na nyumba ya mabati, na ndani ya nyumba hiyo Persis, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Manasseh alikuwa Msabato, na wazee wa kanisa walikaa kikao kizima wakijadili kama kutazama mawingu ni kazi. Mzee Makori akaamua kwamba macho hayafanyi kazi, kalamu ndiyo inayofanya. Basi Jumamosi Manasseh alitazama tu, akaweka kichwani, akaandika jua likishazama. Ofisi haikupendezwa. Juni 1951 ikamtuma Jaffer, mkaguzi wa mjini Kisii, aje Jumamosi na barua ya kumfukuza mfukoni. Manasseh asipoandika saa mbili, mbele ya macho yake, atoke kazini na nyumbani.

Asubuhi hiyo bonde lililo chini ya shamba lilijaa ukungu. Jaffer akamuuliza anaona nini, na Manasseh alipenda kuulizwa, kwa sababu Persis alikuwa ameacha zamani. Akaeleza kwamba usiku mbingu zilikuwa wazi, ardhi ikapoteza joto, na hewa yenye unyevu iliyolala bondeni ikapoa mpaka mvuke ukawa vitone. Ule wa bwawani ni mwingine: hewa baridi imepita juu ya maji yenye joto, ndiyo maana yanafuka kama sufuria ya uji. Na kule mlimani upepo unaisukuma hewa ipande, nayo ikipanda inapoa.

"Sisi huku chini tunaita wingu," alisema. "Mzee Makori anakaa huko ndani, yeye anaita ukungu."

Juu kabisa kulikuwa na nyuzi nyeupe za barafu, nyembamba kama manyoya ya kuku. Ukungu wa bondeni, akaendelea, utainuka uwe wingu la tabaka, kama shuka iliyotandikwa. Jua likilipasua, hewa ya moto itapanda na kujenga mawingu ya marundo. Rundo moja litakua mpaka kichwa chake kitandazike, na saa tisa litatupiga kwa mvua ya mawe.

Jaffer akasema vizuri sana, sasa andika. Manasseh akatia mikono mfukoni. Jaffer akaitia barua sahihi, akairudisha mfukoni, akaenda kukagua vipimo vya mashamba ya jirani.

Saa tisa mvua ya mawe ilimkuta njiani akirudi. Gari lake lilizama matopeni mbele ya nyumba ya Manasseh. Wasabato waliotoka kanisani wakasimama kando, wakijadili kama gari ni ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe aliyetumbukia shimoni huruhusiwa kutolewa siku ya Sabato. Jioni ilifika hawajakubaliana.

Maji yaliingia kwenye saa ya Jaffer, ikasimama. Hilo lilimuuma kuliko gari, kwani ilikuwa Ramadhani na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani. Alikaa barazani na tende mbili mkononi. Manasseh alikaa karibu naye, daftari na kalamu mezani, hajavigusa. Wote wawili walingoja jua ambalo hakuna aliyeliona.

Giza likaingia. Jaffer akasema limezama, akainua tende.

Manasseh aliogopa. Aliipenda nyumba ile. Angenyamaza tu, mkaguzi angekula, naye angeandika, na pengine shibe ingemlainisha.

"Bado, Bwana Jaffer," alisema. "Hii giza ni ya mawingu. Angalia kichwa ya ile kubwa, bado iko nyeupe."

Jaffer alimtazama kama mtu anayeteswa na adui. Tende ilikuwa imefika mdomoni pale wingu lilipoachia mwanya upande wa magharibi, na jua likatokea, zima, vidole viwili juu ya mlima. Akaishusha tende polepole. Kwa karibu nusu saa wakalitazama jua likishuka.

Jua lilipozama lote, Manasseh alingoja kidogo tena, kisha akasema, "Sasa." Jaffer akala tende, Manasseh akashika kalamu. Aliandika yote ya asubuhi, ukungu, nyuzi, mpaka mlima, bila kukosea.

Jaffer akasoma, akatoa barua.

"Nimefungua saumu kwa neno lako," alisema. "Sasa nitaandikaje kwamba huaminiki?"

Akaichana vipande vinne. Persis akaleta uji. Waumini, Sabato ikiwa imekwisha, walilitoa gari kwa dakika tano, na suala la ng'ombe likaahirishwa mpaka Jumamosi iliyofuata.