Ua la Mlimani Nyuma ya Jikoni

Majani mawili! Narae aliyaona Jumatatu asubuhi alipokwenda kutoa kimchi, kabichi ya kuchachushwa, kwenye mtungi, akapiga ukelele mpaka bibi yake akatoka na fagio.

"Yuko wapi?"

"Nini, Bibi?"

"Si nyoka?"

"Majani, Bibi! Yametoka mawili!"

Kwa mtu mwingine majani mawili ni majani mawili tu. Lakini eolleji, ua la msituni la milima ya Inje, halina haraka na mtu. Ukipanda mbegu yake, linakuletea jani moja kila masika, lenye madoa kama mkono wa mzee, halafu mwezi wa tano linazama kulala na kitunguu chake kinaendelea kunenepa kidogo kidogo huko chini. Siku likitoa majani mawili, ujue katikati kuna ua. Narae alikuwa amesubiri miaka saba. Miaka saba, jamani! Alipanda akiwa mwanafunzi wa sekondari, akamaliza, akasoma kilimo chuoni, akaachwa na mchumba, akapata kazi, na kila masika alipiga magoti nyuma ya jikoni na kamera yake, akapiga picha ya jani.

"Wenzio wana picha za wachumba," Bibi Punnyo alikuwa akimtania, "wewe una picha sita za jani."

Lakini Bibi mwenyewe ndiye aliyeyataka. Bibi Punnyo ana miaka themanini na miwili, na kila masika hupanda mlima kuchuma majani ya eolleji ya mboga. Miaka saba iliyopita Narae alimsihi aache, maana magoti yalishaanza kulia kama bawaba. Bibi akacheka mbele ya wanawake wote kwenye ukumbi wa wazee. "Eolleji ni ya mlimani," akasema. "Siku itakapochanua nyuma ya jikoni yangu, siku hiyo nitaacha kupanda." Ilikuwa kama kusema siku jogoo atakapotaga. Narae hakucheka. Alikwenda kwa jirani, Mzee Dokpal, mpiga picha za maua, akaomba mbegu.

Na mwaka jana Bibi aliteleza kule juu, akakaa saa nne nzima kwenye mawe na kifundo kilichovimba kabla hajapatikana. Alipobebwa kuletwa nyumbani alikuwa bado ameng'ang'ania mfuko wa mboga. Narae hajaisahau ile sura. Na safari ya mwaka huu, yeye na rafiki yake Bibi Okbun, ilipangwa Jumamosi.

Alhamisi tumba lilikuwa tayari, la zambarau, limeinamisha kichwa kama mtu mwenye haya. Lakini wingu! Alhamisi wingu, Ijumaa wingu, na eolleji bila jua halifungui mdomo. Ijumaa mchana Narae alishindwa kuvumilia, akakimbilia kwa Mzee Dokpal.

"Babu, linafunguliwaje bila jua?"

"Halifunguliwi." Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ila... una mashine ya kukaushia nywele?"

Basi msichana aliyesoma chuo akapitisha waya dirishani, akalala kifudifudi kwenye udongo wa baridi, akalipulizia ua hewa ya moto kwa mbali. Dakika tano, hamna kitu. Dakika ishirini, petali moja ikajikunja nyuma, ya pili ikafuata. Akapiga picha haraka haraka, akaingia jikoni mbio na tope mpaka kidevuni.

"Bibi, limechanua! Ona!"

Bibi Punnyo akaweka upawa chini, akavaa miwani, akaitazama picha.

"Zuri," akasema. "Mbona halina kivuli?"

"Kivuli?"

"Nimeishi na haya maua miaka sitini. Hayajawahi kufunguka bila jua, na jua halijawahi kuja bila kivuli. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Narae akainamisha kichwa kama tumba lenyewe, akasema yote. Bibi alicheka mpaka akashika meza.

"Umelipeleka saluni!"

"Lakini limechanua, Bibi."

"Limelazimishwa. Mimi nilisema litakapochanua. Kesho saa moja Okbun ananipitia na trekta lake."

Narae aliporudi nyuma ya jikoni, ua lilikuwa limejifunga tena, limenywea kidogo pembeni. Akachuchumaa. "Nisamehe," akaliambia, na wala hakuona aibu.

Jumamosi kulipambazuka kweupe, mbingu safi kabisa, majani yana sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Lakini nyuma ya jikoni jua hufika kwenye saa nne, likishavuka bega la mlima. Saa moja Bibi alishafunga buti zake za mlimani, kamba mafundo mawili mawili, mfuko mgongoni. Ua limefumba. Nje trekta dogo la Bibi Okbun linatutuma.

"Punnyo! Twende, kulungu watatumalizia mboga!"

Narae akasimama mlangoni. "Bibi, mpaka saa nne tu. Nakuomba."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akatazama goti lake mwenyewe, kisha akapaza sauti: "Okbun, zima hilo lidude lako! Nilitoa neno. Acha tuone kama litatimia."

Wakakaa watatu juu ya ndoo zilizofudikizwa, wakanywa kahawa ya pakiti. Bibi Okbun alilalamika vikombe viwili vizima. Jua likagusa paa, likashuka ukutani, likapita kwenye mitungi, mtungi baada ya mtungi. Likafika.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha petali moja ikainuka. Nyingine. Zote sita zikarudi nyuma taratibu, kama mwanamke anayefunga nywele zake aanze kazi, na ndani kukaonekana ile michoro ya zambarau iliyokolea, kama meno ya msumeno.

"Mama wee," Bibi Okbun akanong'ona.

Bibi Punnyo hakutazama ua. Aliinama akatazama chini yake.

"Kivuli kipo," akasema.

Akarudi kukaa kwenye ndoo, akaanza kufungua buti. Fundo moja, la pili. Narae alitaka kumsaidia, akapigwa kofi dogo mkononi.

"Sasa mimi naenda na nani?" Bibi Okbun akauliza.

"Na huyu. Ana magoti mapya." Mfuko ukatua kifuani kwa Narae. "Lenye majani mawili, chuma moja, moja liachie. Lenye moja usiliguse."

"Bibi, mimi nimesomea kilimo."

"Umesomea saluni. Piga picha kwanza, wingu lisije likarudi."

Narae akapiga magoti pale pale alipopiga kila masika. Alipokuwa akilenga, mkono wenye madoa ukaingia ndani ya picha, ukaweka buti mbili zilizochakaa kando ya ua.

"Na hizi zionekane, na mitungi yangu nyuma yake," Bibi akasema. "Asije mtu kule ukumbini akadai umeipiga mlimani."