Mgeni wa Watoto wa Mbwa

Nzula na mdogo wake Kasiva walikuwa wamepanga nyumba moja huko mtaa wa Satellite tangu wakiwa wasichana. Walipika kwa zamu, wakagombania maji ya kuoga, na hakuna aliyetarajia kwamba Kasiva, akiwa ameshaota mvi, angempata mwalimu wa Machakos aliyefiwa na mke na kuondoka. Nzula alicheza kwenye harusi mpaka akavua viatu. Kisha akarudi nyumbani peke yake, akazoea kula akiwa amesimama jikoni, maana kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja kulimchosha.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa vya mapazia katika duka moja katikati ya jiji. Mteja wake wa miaka mingi, Mama Jackie, alikuwa akifuga mbwa nyumbani kwake, mtaa wa Karen. Siku moja alimtazama Nzula akipima kitambaa kimyakimya, akamwuliza ghafla:

"Nzula, wewe unapenda mbwa?"

"Siwachukii. Lakini sijawahi kufuga."

"Unawaogopa?"

"Hapana."

"Basi ni wewe nimekuwa nikitafuta. Jumapili ukitoka kanisa, utanisaidia?"

Akamweleza. Mbwa wake alikuwa amezaa, na watoto walikuwa wamefika umri wa kupimwa tabia: nani jasiri, nani mwoga, nani anapenda watu. Lakini anayewapima lazima awe mtu wasiyemjua, na mahali pawe pageni kwao. Yeye mwenyewe hafai, kwani wakisikia viatu vyake tu wanamkimbilia wote. Na safari hii alitaka uhakika. Kulikuwa na baba mmoja, Mbithi, ambaye binti yake mdogo haongei, na akishikwa na hofu hujigonga kichwa ukutani. Daktari alikuwa amemshauri amtafutie mtoto huyo mbwa mtulivu.

"Nikimpa mbwa asiyefaa, ni yule mtoto ataumia," alisema Mama Jackie.

"Kwa hivyo kazi yangu ni kuwa mgeni."

"Hiyo tu. Usiwabembeleze, usiwaongeleshe."

"Hiyo naiweza," alijibu Nzula.

Waliwapimia mtaa wa Jamhuri, kwenye sebule tupu ya nyumba ambayo mpangaji wake alikuwa ametoka. Nzula aliketi sakafuni. Mama Jackie aliwaingiza watoto mmoja mmoja, kila mmoja na utepe wa rangi yake shingoni, kisha akarudi kusimama pembeni, miguu mitupu ili wasimsikie.

Mwenye utepe mwekundu alimrukia Nzula na kuung'ang'ania upindo wa sketi yake. Alipolazwa chali alipigana kwa miguu yote minne. "Huyo ni wa kulinda geti," Mama Jackie alinong'ona. Wa kijani alijibanza ukutani, na Mama Jackie alipoangusha mfuniko wa sufuria, akajikojolea. Wa buluu alimpita Nzula kana kwamba ni kiti.

Mwenye utepe wa manjano, jike, alikuja polepole, mkia ukitikisika chini chini. Nzula alipoinuka na kutembea, alimfuata. Mfuniko ulipoanguka alishtuka, kisha akaenda kuunusa.

"Sasa mlaze chali. Mkono kifuani, umtazame. Usicheke, usiongee."

Mtoto yule alijinyonganyonga kidogo, akatulia. Moyo wake ulidunda haraka chini ya kiganja cha Nzula. Macho yake yalimtazama, hayakuhama. Nzula naye hakuruhusiwa kuyakwepa. Hapo ndipo ilipomjia kwamba tangu Kasiva aondoke hajamgusa kiumbe yeyote mwenye joto, isipokuwa kusalimiana kwa mkono kanisani. Machozi yalianza kumtoka. Hakuyafuta, maana mkono ulikuwa kazini.

"Mwachilie," alisema Mama Jackie.

Wenzake wote, walipoachiliwa, walikuwa wamekimbia. Huyu alijikung'uta, akampanda Nzula mapajani, akamlamba kidevu, kisha akajikunja tumboni mwake na kulala.

"Pole, nimekuharibia kipimo," alisema Nzula.

"Usimtoe. Kaa hivyo hivyo." Mama Jackie alikuwa amechuchumaa. "Mtu akilia, mbwa wengi hutoroka ama hupagawa. Huyu amekuja akatulia. Ni huyu wa Mbithi."

Nzula aliutazama mgongo ule mdogo ukipanda na kushuka.

"Na mimi nikitaka kumnunua?"

Mama Jackie alitikisa kichwa. "Ungeniuliza jana ningekubali. Jana sikuwa najua ni yupi."

"Mwenye nyumba wangu hata haruhusu mbwa," alisema Nzula. Akambeba yule mtoto kwa mikono miwili na kumkabidhi.

Garini, Mama Jackie aliuliza kilichomliza. Nzula akasema ni vumbi la ile nyumba, na mwenzake hakumsukuma zaidi.

Miezi ilipita. Mchana mmoja Mbithi, aliyeelekezwa na Mama Jackie, aliingia dukani kutafuta pazia zito la chumba cha binti yake. Mtoto alikuwa naye, vidole vyake vimezama katika manyoya ya shingo ya mbwa. Nzula alimtambua mbwa kwa macho yale yale. Alizunguka kaunta, akasimama karibu. Mbwa alimnusa kiatu, akaunusa upindo wa sketi, kisha akarudi kumwegemea mtoto. Nje gari lilipiga honi kubwa. Mtoto alikunja uso, akainua mkono kuelekea kichwani. Mbwa akajisukuma kifuani mwake, na mkono ule ukashuka, ukamshika sikio.

"Zamani tungekuwa tumeshatoka mbio," Mbithi alisema. "Mama Jackie ana jicho la kuchagua mbwa, walahi."

"Ana jicho," Nzula aliitikia, akakata kitambaa. Alipunguza bei bila kuombwa.

Walipotoka alikaa juu ya robota la kitambaa, akampigia Kasiva simu, saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kukaa peke yangu, Kasiva."

Kuku walisikika nyuma ya Kasiva.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeolewa."

"Nimeolewa, sijafa," alisema Kasiva, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njoo Ijumaa. Kitanda hakuna, utalala kwa kochi."

"Nitalala," alisema Nzula. Mteja aliingia akiuliza bei ya neti, naye akainuka kumhudumia, simu bado sikioni.